Ampea Ngapi kwa Baridi ya Prosesa?

Kipande chenyewe ni cha mraba, milimita 40 kwa 40, na unene wake haufiki milimita 5. Nyuso zake mbili ni kauri nyeupe. Ubavuni zinatoka waya mbili, nyekundu na nyeusi. Ukikiunganisha na betri, uso mmoja unapoa papo hapo na wa pili unapata moto. Ukigeuza waya, nyuso nazo zinabadilishana. Hakina gesi wala mota, hakitoi sauti, na bei yake katika maduka ya vipuri vya elektroniki ya Luthuli Avenue, Nairobi, haimshindi mwanafunzi wa chuo. Mtu anayetengeneza kompyuta mahali penye joto akikiona kwa mara ya kwanza, wazo linalomjia ni moja: kibandike juu ya prosesa, kipe umeme kishibe, na shida iishe.

Fundi mmoja wa Ahero aliwaza hivyo hivyo, na kumbukumbu zake za majaribio yaliyofuata zinafaa kusimuliwa kwa sababu swali aliloanza nalo, yaani nikipe umeme kiasi gani nipate baridi ya mwisho, ndilo swali ambalo watu wengi hulijibu kwa kubahatisha.

Alikuwa mtunza mashine wa saiba iliyokuwa karibu na njia panda ya Ahero, pale barabara ya kutoka Kisumu inapogawanyika, tawi moja likielekea Awasi na Kericho, jingine likishuka Katito na Sondu hadi Kisii. Ahero iko kwenye Tambarare za Kano, kilomita 20 na ushei kutoka Kisumu, juu kidogo tu ya usawa wa Ziwa Victoria, ambao ni mita 1,134. Mchana wa kawaida joto hufika nyuzi 30. Ndani ya chumba cha mabati yasiyo na dari, chenye kompyuta zinazonguruma kutwa, nyuzi 30 ni za asubuhi.

Siku zilizomsumbua zaidi ni za mwisho wa Juni. KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, hufunga marejesho ya kodi ya mapato ya watu binafsi tarehe 30 Juni, na tangu kazi hiyo ihamie mtandaoni kwenye iTax, walimu, makarani na wauguzi wa eneo la Nyando hujipata kwenye foleni ya saiba dakika za mwisho. Mtu yuko katikati ya fomu, mashine inazima. Inawashwa, inazima tena. Mteja anasimama na kudai pesa yake. Kompyuta zilikuwa za mtumba, zile zinazouzwa kwa jina la ex-UK, na baadhi yake zilibeba Pentium 4 ya kizazi cha Prescott, kilichotoka mwaka 2004. Prosesa hiyo kwa kasi ya gigahezi 3 iliandikiwa wati 89, na matoleo ya kasi zaidi yalifika wati 115. Mei mwaka huohuo Intel yenyewe ilifuta mradi wa mrithi wake, Tejas, na joto lilikuwa sababu kubwa. Mwaka 2006 ikaja Core 2 Duo ya mezani yenye wati 65, na hiyo ndiyo fundi aliyoichagua kwa majaribio.

Kipande cha kwanza hakukinunua. Alikitoa ndani ya dispensa ya maji aliyoletewa ikiwa imekufa. Dispensa za bei nafuu hazina kompresa. Nyuma ya tangi dogo la maji baridi huwa kuna kipande hicho cha kauri, mapezi ya alumini ambayo mafundi huyaita hitisinki, na feni. Juu ya kauri paliandikwa TEC1-12706. Maandishi hayo yana maana: 127 ni idadi ya jozi za vijipande vya bismuthi teluridi vilivyosimama ndani, na 06 ni ampea 6, kiwango cha juu cha mkondo. Karatasi ya kiwandani huongeza mengine. Uso wa moto ukishikiliwa kwenye nyuzi 25, kipande kinaweza kusukuma hadi wati 50 za joto, au kuleta tofauti ya nyuzi 66 kati ya nyuso zake.

Neno la kuangalia hapo ni “au”. Kikisukuma wati zote 50, tofauti ya nyuso ni sifuri. Kikileta tofauti ya nyuzi 66, hakisukumi chochote. Wauzaji wengi huziandika namba hizo mbili pamoja kana kwamba zinapatikana kwa wakati mmoja, na hapo ndipo mnunuzi anapopotea.

Jina la teknolojia hiyo linatokana na Jean Charles Athanase Peltier, Mfaransa aliyeacha kazi ya kutengeneza saa akageukia fizikia. Mwaka 1834 aliona kwamba mkondo ukipita kwenye kiungo cha metali mbili tofauti, kiungo hupoa au hupata joto kulingana na upande mkondo unakoelekea. Miaka minne baadaye Heinrich Lenz aliweka tone la maji juu ya kiungo cha bismuthi na antimoni, akaligandisha, akageuza mkondo, likayeyuka. Jambo hilo lilibaki maonyesho ya maabara kwa zaidi ya karne moja, maana metali hupitisha joto upesi mno. Matumizi ya kweli yalingoja miaka ya 1950, bismuthi teluridi ilipoanza kufanyiwa kazi.

Watu wa Ahero hawahitaji kwenda mbali kuelewa yanayotokea ndani ya kauri. Skimu yao ya mpunga, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960, haipati maji kwa mteremko kama Mwea. Maji ya Mto Nyando hupandishwa kwa pampu za umeme, na bili ya stima ya pampu hizo ni kilio cha muda mrefu cha wakulima. Pampu haiumbi maji wala haiyamalizi. Inayatoa huku na kuyapeleka kule. Peltier ni pampu ya namna hiyo, ila inahamisha joto, na ina kasoro mbili kubwa. Kwanza, tuta lake linavuja: sehemu ya joto lililosukumwa upande wa pili hurudi kupitia kipande chenyewe, na tofauti ya nyuso inapokua, uvujaji nao unakua. Pili, pampu yenyewe inatoa joto kwa sababu ya ukinzani wake, na nusu ya joto hilo huangukia upande uleule unaotaka kuupoza.

Hesabu yake ni fupi. Usukumaji wa joto unakua sambamba na ampea. Joto la ukinzani linakua kwa mraba wa ampea. Ukiongeza mkondo mara mbili, unasukuma mara mbili na unajichemsha mara nne. Kwa hiyo lazima kuna mahali ambapo ampea moja ya ziada inaleta joto jingi kuliko inaloondoa. Mahali hapo si pale palipoandikwa kwenye kauri. Panategemea mzigo wa joto, na zaidi ya yote panategemea upande wa moto unapoozwa vipi.

Fundi hakuyajua hayo alipochomoa waya wa njano na mweusi kutoka kwenye pawa sapulai ya kompyuta, akakipa kipande volti 12 kamili. Alikuwa amepaka pesti ya kupitisha joto pande zote mbili, akakiweka kati ya prosesa na hitisinki yake ya kawaida, akawasha. Programu ya kupimia joto ikaonyesha nyuzi nyingi kuliko siku iliyotangulia. Jioni alipita mwalimu wa fizikia wa sekondari moja ya jirani, mteja wa kila wiki, mtu mzima ambaye vijana wote wa pale humwita Japuonj, yaani mwalimu kwa Kijaluo.

“Japuonj, nimekipa volti zote na prosesa inachemka kuliko jana.”

“Umepima upande wa moto?”

“Wa moto wa nini? Mimi nataka ule wa baridi.”

“Wuoda, mwanangu, leta karatasi.”

Karatasi aliyopewa mwalimu ilikuwa ya chapa iliyoharibika, na hesabu aliyoiandika nyuma yake ndiyo kiini cha kisa hiki. Hewa ni nyuzi 30. Hitisinki na feni yake, tuseme, hupanda nyuzi 0.3 kwa kila wati inayoingia. Prosesa inatoa wati 65. Bila Peltier, 65 mara 0.3 ni kama 20, kwa hiyo prosesa inakaa nyuzi 50. Sasa weka Peltier. Kwa volti 12 inavuta ampea 5 na nusu hivi, yaani wati 66 zake yenyewe. Hitisinki ileile sasa inabeba wati 131 na inapanda hadi nyuzi 69. Na kwa kuwa kipande hicho kimoja hakiwezi kusukuma wati zote 65, zilizobaki zinalazimika kupenya kwa uvujaji, jambo linalotaka prosesa iwe na joto kuliko hitisinki. Jumla yake inatua kwenye nyuzi 75 hivi. Baridi iliyonunuliwa kwa wati 66 ilikuwa imeongeza nyuzi 25.

Fundi akasema basi nipunguze, nikipe volti 6. Mwalimu akakokotoa tena, na jibu likawa baya zaidi: karibu nyuzi 90. Umeme umepungua, kweli, lakini na pampu imedhoofika, na mzigo ni uleule. Hapa ushauri unaozungushwa sana, kwamba Peltier hupendelea nusu ya volti, ulikataa kufanya kazi. Kwa mzigo unaozidi uwezo wa kipande hakuna volti ya kukiokoa. Tena kikizimwa kabisa kinageuka kuwa kizuizi: kupitisha wati 65 kupitia kipande kilicholala kunahitaji tofauti ya nyuzi karibu 120, na prosesa ya Intel hujipunguzia kasi na kisha kujizima kabla ya kufika huko.

Wakaongeza cha pili kwenye hesabu. Vipande viwili ubavu kwa ubavu juu ya bamba la shaba, kila kimoja na volti 12 zake: prosesa inarudi nyuzi 49 au 50, palepale ilipokuwa bila kitu, ila sasa hitisinki imepita nyuzi 80 na stima ya ziada ni wati 110. Ukiviunganisha mfululizo ili kila kimoja kipate volti 6, unapata nyuzi 54 kwa wati 31. Mtu akitazama hesabu hiyo haraka atasema volti 12 zimeshinda. Zimeshinda nini? Nyuzi nne kwa wati 80, katika chumba ambacho wati hizo zote zinaishia hewani kumchemsha mteja aliyeketi.

Jibu lilianza kuonekana walipobadilisha upande wa moto badala ya umeme. Mwalimu alidhania vipande vinne, na upande wa moto unaopoozwa kwa maji yanayozunguka kwenye rejeta ya gari, ili joto lipande nyuzi 0.15 tu kwa kila wati. Kwa volti 7 kila kimoja, vinne hivyo vinakula wati 77 na prosesa inakaa nyuzi 22. Kwa volti 12, vinakula wati 206, na prosesa inakaa nyuzi 22 hizohizo! Kilele kiko katikati, karibu na volti 9 na nusu, na hata hapo faida ni nyuzi mbili tu. Hizo ni hesabu za karatasi, zenye kudhania bamba kamilifu na pesti isiyo na kasoro, lakini umbo lake ni la kweli: mlima wenye kilele kipana, na kushuka upande wa pili kwa yeyote anayeendelea kusukuma. Anayetaka baridi ya mwisho haendi kwenye ampea zilizoandikwa. Huanza chini, hupandisha volti kidogo kidogo, husubiri joto litulie kila mara, na husimama pale kipimajoto kinapoacha kushuka. Mwenye busara husimama mapema zaidi, kwa sababu nyuzi mbili za mwisho ndizo ghali kuliko zote.

Namna ya kupunguza volti nayo ina hila yake. Fundi alikuwa na kidhibiti cha kasi ya mota, kile kinachokata na kurudisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Kwa taa na mota kinafaa. Kwa Peltier ni hasara. Chukua ampea 6 kwa nusu ya muda, linganisha na ampea 3 zisizokatika. Wastani wa mkondo ni mmoja, usukumaji ni uleule. Joto la ukinzani sivyo: mraba wa 6 ni 36, nusu yake 18, mraba wa 3 ni 9. Umejichemsha mara mbili bila faida yoyote. Kinachotakiwa ni kipunguza volti chenye koili na kapasita, kinachotoa mkondo laini. Watengenezaji hupendekeza mawimbi yasizidi asilimia 10. Thermostati ya kuwasha na kuzima nayo ina ubaya wake. Kila inapozima, joto la hitisinki hurudi kwa prosesa, na kupanda na kushuka huko kwa joto huchosha solda za ndani hadi zikapasuka. Ikipasuka moja tu kipande chote kimekufa, kwa sababu jozi zote 127 zimeunganishwa mfululizo.

Kuhusu chanzo cha umeme, msimamo wa fundi baada ya majaribio ulikuwa mkali: usiguse pawa sapulai ya kompyuta. Ya mtumba imekwishachoka, na prosesa za kizazi hicho zenyewe hula kwenye njia ya volti 12. Alihamia kwenye zile za sanduku la bati zinazouzwa kwa mafundi wa CCTV, ambazo huwa na skrubu ndogo ya kurekebisha volti, akaweka fyuzi na waya nene. Kisha akaunganisha rilei, ili kompyuta isiweze kuwaka kama Peltier haina umeme. Hilo halikuwa pambo. Stima ya Ahero inajulikana kwa kukatika, na si ya Ahero peke yake. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alianguka juu ya transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru, na nchi nzima ikawa gizani kwa saa kadhaa, ingawa tumbili mwenyewe alipona. Umeme ukirudi baada ya tukio kama hilo, si vyombo vyote vinavyoamka pamoja, na prosesa iliyokaliwa na Peltier iliyolala ina dakika chache mno.

Basi siku moja mtambo wa vipande vinne na rejeta ukafanya kazi. Prosesa ilikuwa imetulia, haina mteja, na bamba la shaba likashuka chini ya nyuzi 20. Kila aliyepita aliguswa mkono na baridi ile akacheka. Kesho yake mashine haikuwaka.

Ulikuwa umande. Hewa ya Tambarare za Kano imejaa maji, yatokayo ziwani, mtoni na kwenye majaruba ya mpunga. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 70 huanza kutoa matone juu ya kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 22. Ya nyuzi 30 yenye asilimia 60 hutoa kwenye nyuzi 21. Kwa maneno mengine, baridi ileile ambayo hesabu ya mwalimu iliahidi ilikuwa imekaa juu ya mstari wa umande wa Ahero. Matone yalijikusanya kuzunguka soketi, yakatiririka chini ya prosesa, na pini zikaota kutu ya kijani. Madabodi ile haikufufuka.

Kuna dawa, na wanaoshindania kasi za kompyuta huitumia: kuziba kila nafasi ya hewa kuzunguka soketi kwa sponji ya neoprini isiyopitisha hewa, mbele na nyuma ya madabodi, na kujaza silikoni kwenye mianya. Silikoni yenyewe ichaguliwe. Ile ya madirisha inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula shaba. Inatakiwa ile isiyo na harufu hiyo. Dawa ya pili ni rahisi kuliko ya kwanza: kutoruhusu bamba lishuke chini ya nyuzi za umande, yaani kupima unyevu wa hewa na kupunguza volti mapema. Lakini ukishafanya hivyo Ahero, unabakiwa na nyuzi chache tu kati ya hewa na umande za kuchezea, na gharama yote ile inaanza kuonekana ya ajabu.

Kampuni kubwa zilipita njia hiyohiyo. Mwaka 2020 Intel ilitangaza mfumo ulioitwa Cryo kwa prosesa zake za kasi, ukatengenezwa pamoja na Cooler Master na EK: Peltier yenye kula wati zipatazo 200, upande wa moto ukipoozwa kwa maji, na programu ya kusoma unyevu ili bamba lisifike kwenye umande. Hapo kulikuwa na wahandisi, maabara na pesa. Mwaka 2023 Intel ikatangaza kuuacha mfumo huo. Mtu angeweza kusema kibanda cha Ahero kilikuwa kimefikia uamuzi huo mapema zaidi, na kwa hasara ya madabodi moja tu.

Isidhaniwe kwamba Peltier ni kitu kibovu. Ukivuka Kisumu kwenye barabara ya Busia, unafika Kisian, kwenye kituo cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya. Maabara za aina hiyo hutumia mashine za PCR kuongeza nakala za vinasaba, iwe vya vimelea vya malaria au virusi. Kazi ya mashine hiyo ni kupandisha joto la sampuli hadi nyuzi 95, kulishusha hadi karibu 55 au 60, kulipandisha tena hadi 72, na kurudia mzunguko huo mara nyingi. Chini ya sampuli, katika nyingi ya mashine hizo, kuna Peltier: mkondo ukielekea huku unapasha, ukigeuzwa unapoza. Sampuli ni matone, mzigo wa joto ni mdogo, na kinachotafutwa ni kulenga nyuzi kwa usahihi. Hapo hakuna cha kushindana nayo. Vivyo hivyo kwa kamera za darubini za kuangalia nyota, ambazo kipokea picha chake hutoa wati chache tu. Prosesa ya kompyuta ya mezani, yenye kumimina wati 65 au 89 kwenye eneo dogo kutwa nzima, ni kazi ya aina nyingine.

Na saiba? Mashine ziliacha kuzima kwa njia zisizo na hadithi. Hitisinki zilipulizwa vumbi, ambalo kwa mahali penye barabara ya lori na majira ya kiangazi lilikuwa limeziba mapezi hadi hewa haipiti. Pesti iliyokuwa imekauka ikafutwa, ikapakwa mpya. Bomba la kadibodi likafungwa ili feni ivute hewa ya nje ya kasha badala ya ile iliyokwisha pashwa moto ndani. Mwenye jengo akakubali kuweka dari chini ya mabati, na hilo peke yake lilishusha joto la chumba kuliko majaribio yote ya Peltier. Pentium 4 zikaondolewa moja moja, nafasi zake zikachukuliwa na kompyuta ndogo za mezani zenye prosesa za wati 35, ambazo hata mchana wa Januari hazilalamiki. Kipande cha TEC1-12706 kikarudi kwenye dispensa ya maji, kikabanwa vizuri, na mwenyewe akaja kuichukua.

Kwa msomaji ambaye bado ana kipande hicho mezani na anataka kukijaribu, haya ndiyo ya kushika. Usikiwashe kamwe bila hitisinki, hata kwa sekunde chache za kujaribu waya. Aina hii huvumilia hadi nyuzi 138, zikipita hapo solda za ndani huyeyuka. Weka kipimajoto pande zote mbili. Linganisha kwanza wati za prosesa yako na uwezo wa kipande, na kama prosesa inazidi nusu ya namba iliyoandikwa, ongeza vipande kabla ya kuongeza volti. Tumia umeme laini kutoka chanzo chake chenyewe, chenye fyuzi na rilei. Anza na volti 5, panda taratibu, na usishuke chini ya nyuzi 22 ukiwa popote karibu na ziwa. Kama kompyuta ni ya ofisi au ya kujazia fomu za KRA, usijisumbue na Peltier: nunua pesti na feni mpya.